Kipimo cha Selimundu Kisisubiri Kadi ya Harusi

Tangu Januari 2026, raia wa Oman anayetaka kufunga ndoa ni lazima kwanza apime afya, na katika vipimo hivyo yamo magonjwa ya damu ya kurithi: selimundu na thalasemia. Habari hiyo ilifika Pwani yetu upesi, kama zifikavyo habari zote za Maskati, maana kuna familia Unguja, Pemba na Tanga ambazo nusu yake iko huko. Lakini ilifika ikiwa imepinda. Kwenye makundi ya WhatsApp niliyomo ilisomwa kana kwamba Oman imewakataza wenye sikoseli kuoana, na papo hapo likazuka swali moja: na sisi tunangoja nini? Swali hilohilo nimelisikia baadaye msibani, kwenye daladala, na kwa mhudumu wa afya ninayemheshimu sana.

Kupima na kukatazwa ni vitu viwili. Sheria za aina hii katika Ghuba, kuanzia zile za Bahrain na Saudi Arabia zilizoanza kazi mwaka 2004, zinamlazimisha mtu kupima na kukaa na mshauri, zikifika hapo zinasimama. Uamuzi wa kuoana au kuachana unabaki kwa wenyewe. Hilo ni kosa la kwanza la usomaji wetu. La pili ni kubwa zaidi, na ndilo lililonifanya niandike: tunadhani selimundu ni tatizo la harusi. Mimi nasema ni tatizo la mtoto ambaye ameshazaliwa na hakuna aliyempima. Kama Tanzania ina fedha, maabara na wahudumu wa kutosha kwa jambo moja tu la vinasaba, basi jambo hilo liwe kumpima kila mtoto mchanga, kabla ya kumlazimisha kila bwana harusi. Na upimaji wa watu wazima, ambao nautaka kwa nguvu zote, uwe wa hiari, uwe wa siri, na uje miaka mingi kabla ya posa.

Tuanze na hesabu, kwa sababu hapa ndipo mazungumzo mengi yanapoharibikia. Kila mtu ana nakala mbili za jeni linaloelekeza mwili kutengeneza himoglobini, yaani protini ya damu inayobeba oksijeni, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Nakala ya kawaida huitwa A, na ile inayoifanya chembe nyekundu ijikunje kama mundu huitwa S. Mwenye AA hana kitu. Mwenye SS ndiye mgonjwa. Mwenye AS amebeba tu: hana ugonjwa, anafanya kazi, anacheza mpira, anazeeka, na wengi wao hawajui maisha yao yote. Wabebaji wawili wakizaa pamoja, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuwa SS. Narudia, kila mimba. Nimewahi kumsikia mama akijifariji kwamba ameshapata mgonjwa mmoja, kwa hiyo watatu wanaofuata wako salama. Hakuna daftari tumboni linalohesabu waliotangulia.

Kwa makadirio ya wataalamu wetu, wabebaji nchini ni kati ya asilimia 13 na 20, na mikoa inatofautiana sana. Tuchukue 15 ili tuhesabu. Katika kila ndoa 1,000, kama watu wanaoana bila kujua hali zao, ndoa 22 au 23 zitakuwa za wabebaji wawili, na kati ya kila watoto 1,000 watakaozaliwa katika jamii nzima, watano au sita watakuwa na ugonjwa. Kwa nchi inayozaa watoto zaidi ya milioni 2 kwa mwaka, hesabu hiyo ya kalamu na karatasi inaangukia karibu kabisa na takwimu inayotajwa siku zote, ya watoto takriban 11,000 kila mwaka. Tumo katika nchi tano za mwanzo duniani, pamoja na Nigeria, India na Kongo. Na ule upimaji wa majaribio wa watoto wachanga uliofanyika Dar es Salaam, Muhimbili na Temeke, kwa watoto karibu 4,000, ulikuta wagonjwa karibu 8 kwa kila 1,000, na mbebaji mmoja katika kila watoto wanane.

Kwa nini sisi? Jibu lilipatikana hapahapa kwetu. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alizunguka nchi hiyo mwaka 1949 akichukua damu, akaona kitu cha ajabu: Pwani na kandokando ya Ziwa Viktoria wabebaji walikuwa wengi, hata zaidi ya mmoja katika watano, ilhali kwenye nyanda za juu zenye baridi walikuwa karibu hawapo. Ramani ya selimundu ilikuwa ramani ya mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba mwenye AS ana kinga dhidi ya malaria kali. Yaani babu zetu wengi wa Pwani na Kanda ya Ziwa walivuka utoto kwa sababu walikuwa na S moja. Nalisema hili kwa sababu bado kuna nyumba ambamo ugonjwa huu unaitwa damu chafu ya upande fulani, na upande huo karibu kila mara ni upande wa mama. Mtoto hawezi kuwa na SS bila kupewa S na wazazi wote wawili. Mume anayemrudisha mke kwao kwa sababu ya sikoseli amemrudisha kwa kitu ambacho nusu yake kimetoka kwake.

Sasa hoja ya wanaotaka lazima. Ina uzito, na sitaupunguza. Nimewahi kukesha wodini na mtoto wa binamu yangu. Alikuwa hajatimiza miaka miwili, viganja na nyayo vimevimba, na maumivu yalikuwa makali kiasi kwamba mama yake alijifunza kumbadilisha nepi bila kuinua kisigino. Shuka likigusa mguu, mtoto anajikunja. Alfajiri muuguzi akaja kutuambia damu ya kundi lake imekosekana, tutafute ndugu wa kuchangia. Mtu aliyeona usiku kama huo akisema laiti wazazi wangejua kabla hawajaoana, simwambii anakosea. Mtoto hakuchagua. Na serikali inayomlazimisha mwendesha bodaboda kuvaa kofia haiwezi kuambiwa haina haki hata ya kuuliza juu ya jambo zito kama hili. Gharama nazo ni kweli: damu za kuongezewa, vitanda, siku za shule na za kazi zinazopotea kwa mgonjwa na kwa anayemuuguza.

Wanaotaka lazima huitaja Kupro, na wana haki ya kuitaja. Kisiwa kile kilikuwa kimezidiwa na thalasemia. Katika miaka ya 1980 Kanisa la Kiorthodoksi likaanza kudai cheti kwamba wachumba wamepimwa na kushauriwa kabla ya kufungishwa ndoa, na ndani ya muda mfupi watoto wanaozaliwa na thalasemia kali wakapungua hadi karibu kuisha. Ni mafanikio makubwa. Lakini tazama yalivyopatikana. Wachumba waliokutwa wote wawili ni wabebaji karibu wote waliendelea na harusi zao. Kilichoshusha idadi ya wagonjwa ni kipimo cha mimba changa, na baada yake utoaji wa mimba zilizokutwa na ugonjwa. Cheti kilikuwa mlango tu wa kuingilia katika huduma iliyokuwa ndani. Kwetu, Kanuni ya Adhabu inakataza kutoa mimba isipokuwa kuokoa uhai wa mama, na huduma ya kupima vinasaba vya mimba changa haipo kwa mwananchi wa kawaida. Sitaki kuingia katika mjadala wa kama sheria hiyo ibaki au ibadilike. Watu wa dini zote mbili wana la kusema na wasikilizwe. Ninachosema ni kwamba tukiiga Kupro kwa kuchukua cheti peke yake, tutakuwa tumejenga mlango uliosimama uwanjani bila nyumba.

Saudi Arabia iko karibu zaidi na sisi kwa hoja hii, kwa sababu kule mkazo ulikuwa kwenye kuwafanya wachumba wafikirie upya. Mwaka 2004, kati ya kila jozi 100 zilizokutwa hatarini, takriban 9 tu ndizo zilizoachana. Kufikia 2009 zaidi ya nusu walikuwa wanaachana. Baadhi ya watu wanaisoma takwimu hii kama ushahidi kwamba lazima inafanya kazi. Mimi naisoma tofauti. Lazima ilikuwa ileile mwaka wa kwanza na mwaka wa sita. Kilichobadilika ni kwamba watu walizoea, wakaelewa, wakaanza kujua hali zao mapema kabla familia hazijafungana. Na hata baada ya miaka sita ya lazima, elimu na fedha za mafuta, karibu nusu ya waliokuwa hatarini waliendelea kuoana. Tukumbuke pia kwamba katika Ghuba ndoa za binamu ni nyingi mno, na mnapooana ndani ya ukoo mmoja uwezekano wa wote wawili kubeba jeni lilelile unapanda sana. Kupima kabla ya ndoa kule kunakamata wengi kwa gharama ndogo. Msukuma anayeoa Mdigo yuko katika hesabu nyingine.

Katika hoja zote za upande huo, iliyo dhaifu kuliko zote ndiyo inayopigiwa makofi zaidi: kwamba tukipima wote na AS asioe AS, selimundu itakwisha nchini. Haitakwisha. Mbebaji aliyeambiwa amwache mbebaji mwenzake ataoa mwenye AA, na nusu ya watoto wao, kwa wastani, watakuwa AS. Jeni halijaenda popote. Limehamia kizazi kinachofuata likiwa limetulia. Kwa kweli, kinachopunguza S katika jamii leo, kwa ukatili mkubwa, ni vifo vya watoto wenye SS, kwa kuwa kila anayekufa anaondoka na nakala mbili. Ukizuia wasizaliwe, kinadharia wabebaji wanaweza hata kuongezeka kidogo. Sisemi hivyo kuwavunja moyo wanaopima. Kupunguza watoto wanaoteseka ni jambo jema lenyewe. Nasema hivyo kwa sababu kampeni iliyojengwa juu ya ahadi ya kuutokomeza ugonjwa itafika mwaka wa kumi, ikute wabebaji ni walewale, ianze kutafuta wa kulaumiwa. Na sote tunajua watakaolaumiwa ni akina nani.

Historia ya kulaumu wabebaji ipo, na ilianzishwa na watu wema. Linus Pauling, mwanasayansi wa Marekani aliyepata Tuzo mbili za Nobel, moja ya kemia na moja ya amani, ndiye aliyeonyesha mwaka 1949 kwamba selimundu inatokana na himoglobini yenye kasoro. Mwaka 1968 mtu huyohuyo, kwa nia ya kuwaepusha watoto na mateso, alipendekeza kila kijana mbebaji achorwe alama kwenye paji la uso ili wabebaji wasipendane. Alama haikuchorwa. Lakini miaka michache baadaye majimbo kadhaa ya Marekani yalitunga sheria za kuwapima watu weusi kwa lazima, mengine shuleni, mengine kabla ya kibali cha ndoa. Sheria ya New York ya 1972 ilitaja wazi ni watu wa rangi gani wanaohusika. Wakati huo hapakuwa na tiba ya maana wala washauri wa kutosha. Watu wakachanganya mbebaji na mgonjwa; baadhi ya wabebaji wakatozwa bima kubwa zaidi au wakanyimwa kazi, na chuo cha Jeshi la Anga kikawakataa vijana wenye AS hadi mwaka 1981. Sheria ya shirikisho ya 1972 ndiyo iliyorekebisha mwelekeo, kwa kusema fedha zitatolewa pale tu ambapo upimaji ni wa hiari. Waliolazimisha walitaka kusaidia. Walipata jamii nzima ya watu weusi ambayo, kwa miaka mingi, ilisikia neno kipimo na kufikiria ubaguzi.

Turudi nyumbani, kwenye jambo ambalo wanaodai lazima hawalitazami kabisa, nalo ni siku yenyewe ya kipimo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka notisi ya siku 21 kabla ya kufunga ndoa. Kama serikali italazimisha kipimo, kitawekwa hapo hapo kwenye notisi, kwa sababu ndipo serikali inapokutana na wachumba. Mtu aliyewahi kukaa kwenye kamati ya harusi anajua hali inakuwaje wiki tatu kabla. Barua ya posa ilishajibiwa. Mahari imetolewa, nusu yake imeshatumika. Ukumbi umelipiwa, sare zimeshonwa, michango ya ndugu na wafanyakazi wenzake imeandikwa daftarini jina kwa jina, na bibi harusi ameshafanyiwa sherehe ya kuagwa. Mpe kijana huyo karatasi yenye herufi mbili na umwambie aamue kwa uhuru. Binti ndiye atakayebaki na jina baya mtaani. Hawezi kutangaza sababu, na asipotangaza, watu watajaza wenyewe.

Yule mtoto wa wodini niliyemtaja: wazazi wake walijua. Nyumba ya ibada walikofungia ndoa ilidai kipimo, wakapima, majibu yakaja wiki ambayo kadi za mwaliko zilikuwa zinatoka kwa mchapaji. AS kwa AS. Hapakuwa na mshauri, ila karatasi ndani ya bahasha. Wakaoana, wakaificha karatasi, wakakubaliana wasiseme kwa yeyote. Mtoto alipozaliwa hawakumpima, kwa kuwa kumpima kungemaanisha kumwambia mtu. Binamu yangu aliniambia hayo usiku ule, miguu ya mtoto ikiwa mapajani mwake. Kipimo kilifanyika, sharti lilitimizwa, na mtoto alipoteza karibu miaka miwili ya dawa kwa sababu ujuzi ule ulikuja katika saa ambayo hauwezi kutumika ila kufichwa.

Halafu kuna wale ambao hawapiti kabisa kwenye mlango huo. Watoto wengi wa nchi hii hawazaliwi na watu waliokwenda kwa msajili, padri au shehe. Sheria yenyewe inalijua hilo: kifungu cha 160 kinawachukulia walioishi pamoja miaka miwili au zaidi, na kujulikana hivyo na majirani, kwamba ni mume na mke mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kipimo cha lazima kitawabana wenye harusi za ukumbini na kuwapita mamilioni walioanza maisha kwa kuhamia chumba kimoja. Na ubora wa kipimo? Katika zahanati nyingi kinachopatikana ni kile cha zamani cha kuangalia kama chembe zinajikunja. Hicho kinaonyesha kwamba S ipo, lakini hakitofautishi AS na SS, na hakimwoni mbebaji wa thalasemia, ambaye akizaa na mwenye AS anaweza naye kupata mtoto mwenye aina ya selimundu. Kuvunja uchumba kwa kipimo cha namna hiyo ni dhuluma.

Nimewapinga wanaotaka lazima, lakini sisimami na wale wa upande wa pili wanaosema vinasaba ni siri ya mtu na serikali ikae mbali. Vinasaba havikubali kuwa siri ya mtu mmoja. Jibu langu ni nusu ya jibu la kaka yangu na la mama yangu. Muuguzi anayempima mtoto na kukuta SS, kisha akampima baba na kukuta AA, ameshajua jambo la ndoa ile ambalo hakuulizwa. Hili si la kufikirika. Litatokea kila mahali tutakapopima kwa wingi. Sheria ya Usimamizi wa Vinasaba vya Binadamu ya 2009 imeweka utaratibu wa vipimo vya uzazi kupitia kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, na mtu hawezi tu kujipeleka na mtoto wa jirani. Lakini kipimo cha himoglobini kinafanyika chumba cha nyuma cha zahanati, nje ya ulinzi huo, na kinaweza kufichua jambo lilelile. Ndiyo maana nataka serikali iwepo: iandike miongozo, ifundishe washauri, iamue nani anaambiwa nini. Kukaa mbali ni kumwachia muuguzi peke yake mzigo ambao hata mahakama haijui uzito wake.

Kwa nini basi nasisitiza mtoto mchanga kwanza? Kwa sababu hapo ujuzi unageuka dawa siku hiyohiyo. Mtoto mwenye SS anazaliwa akionekana mzima, maana damu ya tumboni ina himoglobini ya kichanga inayomlinda kwa miezi ya mwanzo. Ikipungua, hatari inaanza, na mara nyingi dalili ya kwanza ni ya mwisho: homa ya usiku mmoja, bandama iliyovimba ghafla, na kijijini watu wanasema mtoto alipatwa na kijicho. Makadirio yanayotajwa mara nyingi kwa Afrika ni kwamba nusu au zaidi ya watoto wasiogunduliwa hawafiki miaka mitano. Sasa linganisha na hili. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 1986 uliwapa watoto wenye selimundu penisilini ya kumeza kila siku; maambukizi makali ya bakteria wa nyumonia yakapungua kwa asilimia 84, na matokeo yalikuwa wazi kiasi kwamba utafiti ulisimamishwa kabla ya muda wake. Penisilini! Dawa iliyo kwenye kila kabati la zahanati. Kisha haidroksiyurea, kidonge cha kila siku: utafiti uliofanyika Luanda, Kinshasa, Kilifi na Mbale, kwa watoto zaidi ya 600, uliochapishwa 2019, ulionyesha maumivu makali yakipungua kwa zaidi ya nusu, malaria ikipungua, na vifo vikishuka kutoka 3.6 hadi 1.1 kwa kila watoto 100 kwa mwaka. Kilifi na Mbale ni kwetu. Hakuna tena wa kusema dawa hiyo ni ya hospitali za Ulaya.

Hapa niguse habari nyingine iliyosomwa vibaya. Mwishoni mwa 2023 Uingereza na kisha Marekani ziliidhinisha Casgevy, tiba ya kwanza duniani inayotumia teknolojia ya kuhariri jeni iitwayo CRISPR, na wengi wakatangaza kwamba selimundu imepata dawa. Ni kweli na ni jambo la kushukuriwa. Wapo watu ambao hawajaingia hospitali kwa maumivu tangu watibiwe. Ila tiba hiyo inahitaji kuvuna seli za uloto, ule ute wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, kuzipeleka maabara kuhaririwa, kumpa mgonjwa kemotherapi kali ya kusafisha uloto wake, kisha kumlaza wiki kadhaa chini ya uangalizi. Bei iliyotangazwa Marekani ni dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja, zaidi ya shilingi bilioni 5. Hospitali ya Benjamin Mkapa, Dodoma, imeshaanza kupandikiza uloto kwa watoto wenye selimundu, na ni hatua ya kujivunia, lakini nayo inahitaji ndugu anayelingana na inafikia wachache. Sipingi tiba kubwa. Ninachoogopa ni kwamba viongozi wanapenda kupiga picha na mashine, na hakuna anayepiga picha na chupa ya penisilini.

Miundombinu ya kupima wachanga tayari ipo nusu. Uganda ilipotaka kujua ukubwa wa tatizo mwaka 2014 na 2015, haikujenga mtandao mpya. Ilichukua karibu sampuli 100,000 za matone ya damu yaliyokaushwa kwenye karatasi, ambazo tayari zilikuwa zimekusanywa kutoka kwa watoto wachanga kwa ajili ya kipimo cha VVU, ikazipima tena. Ikapata ramani ya nchi nzima, wilaya kwa wilaya: wabebaji asilimia 13.3, na baadhi ya wilaya za kaskazini na mashariki zikiongoza. Sisi pia tuna karatasi hizo, wasafirishaji hao na maabara hizo. Vipo pia vipimo vya haraka vya tone moja la damu vinavyotoa jibu mama akiwa bado amekaa kwenye benchi. Tuanzie mikoa ya Kanda ya Ziwa na Pwani, ambako hesabu inajieleza yenyewe.

Kumpima mchanga kunatupa pia kile ambacho wanaodai lazima wanakitafuta. Kila mtoto aliyekutwa na S ni barua kwa wazazi wake: SS inawaambia wote wawili ni wabebaji, AS inamwambia angalau mmoja. Wanajua kabla ya mimba inayofuata, na kwa nchi ambayo familia zina watoto wengi, hiyo si habari ndogo. Na mtoto AS anakua na hali yake imeandikwa. Akifika sekondari, wanapofundishwa kurithi kwa mfano wa njegere, afundishwe kwa mfano wa damu yake mwenyewe, apewe nafasi ya kupima tena kwa siri akitaka. Huyo akianza uchumba ataliuliza swali mwenyewe, wakati jibu bado lina pa kwenda.

Ulinzi wa majibu hauwezi kungoja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeziweka taarifa za vinasaba miongoni mwa taarifa nyeti, na Kenya ilifanya hivyo mwaka 2019. Ni msingi mzuri, lakini neno nyeti peke yake halimzuii mwajiri kudai cheti wala kampuni ya bima ya maisha kuuliza. Marekani, baada ya makosa yake yote, ilitunga mwaka 2008 sheria inayokataza ubaguzi wa vinasaba kazini na katika bima ya afya, na hata hiyo iliacha bima ya maisha nje. Sisi tunaoanza utekelezaji wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 tuna nafasi ya kuandika kwenye kanuni, kwa maneno yasiyo na mwanya, kwamba mtu hatozwi zaidi wala hakataliwi kwa sababu ya AS au SS, na kwamba haidroksiyurea na penisilini ya mtoto mwenye selimundu zimo kwenye kitita cha msingi, si cha ziada.

Na kuna kadi ya kliniki. Kila mama anayo, amefungia kwenye mfuko wa nailoni pamoja na kadi ya bima, imekunjika kwenye pembe. Ina uzito wa kuzaliwa, ina BCG na polio, ina chanjo ya nyumonia iliyoingia mwaka 2013, ina mstari wa ukuaji unaochorwa kwa kalamu kila mwezi. Juu kabisa, chini ya jina la mtoto, iongezwe nafasi ya herufi mbili, ijazwe siku ileile ya chanjo ya kwanza. Akikutwa SS, mama asiondoke kliniki kabla hajapewa chupa ya penisilini na tarehe ya kurudi.